Kunoa shabaha kwenye gemu za bunduki: brauza, programu ya kusakinisha, au ndani ya gemu yenyewe?

Ukitaka kunoa ulengaji wako kwa ajili ya Counter-Strike 2, Valorant, Apex Legends, Overwatch na gemu nyingine ambazo unaona dunia kwa macho ya mhusika, una njia nne za kuchagua.

Ya kwanza ni tovuti za kubofya vidoti. Miduara inatokea kwenye ukurasa nawe unaibofya kwa kishale cha kawaida. Jaribio la kulenga la Human Benchmark, lenye shabaha 30, ni la aina hii. Ya pili ni tovuti za pande tatu, kama 3D Aim Trainer: zinafunguka ndani ya brauza vilevile, ila zinakuweka ndani ya chumba, na mausi inageuza macho yako badala ya kusogeza kishale. Ya tatu ni programu za kusakinisha, na hapa majina makubwa ni mawili, KovaaK's na Aimlabs. Ya nne ni uwanja wa mazoezi wa gemu unayoicheza.

Wengi huuliza ipi bora kisha wanaanza na yoyote iliyotajwa kwanza. Mimi naona swali hilo halina jibu mpaka ujue risasi zako zinakwenda wapi.

Kabla ya kuchagua, angalia unavyokosa

Rekodi mechi moja. Kila ulipouawa ukiwa umemwona adui, rudisha video nyuma na uisimamishe kwenye picha ya mwisho kabla ya risasi yako ya kwanza. Tazama ule msalaba wa katikati ya skrini uko wapi.

Ukikuta uko sakafuni au ukutani, futi kadhaa kutoka kona aliyotokea adui, basi mkono wako haukuwa na kosa. Ulianza mbali mno. Ukikuta umempita adui au umeishia nusu ya njia, tatizo ni fliki, yaani ule mrusho wa ghafla wa kwenda kwenye shabaha. Ukikuta msalaba ulifika ila adui akaendelea kutembea nao ukabaki nyuma yake, tatizo ni kufuatilia. Na mara nyingine msalaba uko juu ya kichwa kabisa lakini risasi imekwenda pembeni. Hapo angalia miguu: kwenye Counter-Strike na Valorant, ukifyatua huku unakimbia, risasi haiendi unakolenga.

Makosa hayo manne yana dawa tofauti, na hakuna hata njia moja kati ya zile nne inayoyatibu yote. Ndiyo maana hapa chini nazipima kwa vigezo vilevile vitano: mwendo wa mkono, kuchelewa kwa picha, ujuzi unaofunzwa, alama unazopewa, na upatikanaji.

Je, mkono unasogea kama unavyosogea kwenye mechi?

Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote. Mkono unajifunza umbali: sentimita ngapi za mkeka wa mausi zinageuza macho kwa nyuzi ngapi. Umbali ukibadilika kati ya mazoezi na mechi, unaufundisha mkono kazi nyingine.

Chukua mtu mwenye mausi ya DPI 800, yaani inayohesabu hatua 800 kwa kila inchi, na sensitiviti 1 (namba inayozidisha mwendo wa mausi ndani ya gemu) kwenye Counter-Strike. Gemu hiyo inageuza macho nyuzi 0.022 kwa kila hatua ya mausi, kwa hiyo inchi moja ya mkeka ni nyuzi 17.6, na mzunguko kamili unachukua karibu sentimita 52. Kwenye skrini ya 16:9 anaona takriban nyuzi 106 kutoka ukingo hadi ukingo. Kugeuka nyuzi zote hizo ni kusogeza mkono sentimita 15 hivi.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo kwenye tovuti ya vidoti, skrini ya pikseli 1920 kwa upana. Kama Windows haijakuza wala kupunguza mwendo, kishale kinavuka skrini nzima kwa inchi 2.4, yaani sentimita 6. Kule alihitaji mkono kuanzia kwenye kiwiko. Huku kifundo kinatosha. Anaweza kuwa hodari wa vidoti na bado akafupisha kila fliki kwenye mechi. Hii ndiyo hoja kubwa dhidi ya tovuti za vidoti, na hakuna mpangilio wa kuirekebisha kikamilifu, kwa sababu kishale kinatembea juu ya ubao bapa ilhali kwenye gemu ni kichwa kinachozunguka.

Tovuti za pande tatu zinaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Brauza ina uwezo wa kuikamata mausi, kishale kikapotea na mwendo wote ukaenda kwenye kugeuza macho. Ndiyo maana unabonyeza Esc ili kishale kirudi. Kwenye 3D Aim Trainer unachagua gemu yako na kuandika sensitiviti unayotumia, nayo inajilinganisha.

Mtego uliobaki ni ule mpangilio wa Windows unaofanya kishale kiende mbali zaidi kadiri mkono unavyokuwa na kasi. Gemu nyingi za bunduki zinaukwepa kwa kusoma mausi moja kwa moja. Brauza kwa kawaida inapokea mwendo ambao Windows imekwisha kuuchezea. Tangu Chrome 88 ya mwaka 2021 tovuti inaweza kuomba mwendo mbichi, ambao Windows haijaugusa, lakini ni mpaka aliyeijenga awe ameliandika ombi hilo. Usisubiri kujua kama aliliandika. Ingia kwenye mipangilio ya mausi, zima kisanduku cha kuboresha usahihi wa kishale, na uweke kitelezi cha kasi kwenye alama ya 6 kati ya 11, pale katikati. Baada ya hapo hatua moja ya mausi ni hatua moja.

KovaaK's na Aimlabs hazipiti kwenye brauza, na zina orodha ndefu ya gemu za kuiga, sensitiviti pamoja na upana wa kuona. Uwanja wa gemu yenyewe hauhitaji kuigwa.

Kwa njia yoyote ya pande tatu, usiamini namba iliyoandikwa kwenye skrini mpaka uipime. Bandika kipande kidogo cha utepe kwenye mkeka, weka ukingo wa kushoto wa mausi hapo, na ulenge pembe ya ukuta ndani ya gemu. Sogeza mausi taratibu kwenda kulia mpaka msalaba urudi kwenye pembe ileile, kisha pima kwa rula. Rudia hivyohivyo kwenye tovuti. Tofauti ya nusu sentimita ni ya mkono kutetemeka. Ikiwa sentimita tano, kuna mpangilio haujakaa sawa, na kila dakika ya mazoezi hapo inakupeleka kando. Wanaohama kati ya Valorant na Counter-Strike wakumbuke pia kwamba namba hazifanani: sensitiviti ya Valorant unaizidisha kwa 3.18 kupata ya Counter-Strike, kwa kuwa Valorant inageuza nyuzi 0.07 kwa hatua.

Kuchelewa kwa picha

Skrini ya Hz 60, yaani ya picha 60 kwa sekunde, inaonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, ya Hz 144, kila milisekunde 6.9. Brauza inachora kwa kufuata mapigo hayo ya skrini, na kabla picha haijafika inaunganishwa na vitu vingine vya ukurasa. Gemu iliyosakinishwa inaweza kuchora picha nyingi kuliko Hz za skrini na kukupa ile mpya kabisa. Kwa hiyo ndani ya brauza mara nyingi unaona jambo kwa kuchelewa picha moja au zaidi, na matangazo ya pembeni au tabo nyingine yenye video yanaongeza kigugumizi.

Je, inaharibu mazoezi? Kwa fliki za shabaha iliyosimama, kidogo sana. Kwa kufuatilia shabaha inayobadilisha mwelekeo, inaumiza zaidi, maana unajifunza kumkimbiza mtu aliyekwisha kuondoka. Kwenye kompyuta yenye nguvu ndogo hali inaweza kugeuka kabisa: ukurasa mwepesi wa brauza unatembea laini huku programu nzito ya kusakinisha ikikwamakwama. Kwa mashine hiyo, ninachagua brauza.

Vipimo vya kasi ya mwitikio vina utata huohuo. Namba unayopewa, milisekunde 200 na kitu au 300, ni yako pamoja na ya skrini, mausi na brauza. Jilinganishe na wewe wa jana kwenye mashine ileile. Kujilinganisha na rafiki mwenye skrini ya Hz 240 hakukuambii lolote kuhusu mkono wako.

Kinachofunzwa na kisichofunzwa

Tovuti za vidoti zinafunza kuona, kuamua na kubofya kwa wakati. Kwa mtu aliyetoka kwenye pedi ya kuchezea gemu au simu na hajawahi kushika mausi kwa uzito, hilo si jambo dogo: anajifunza kusimamisha kishale mahali anapotaka na kubofya bila kukisukuma. Kwa aliyevuka hapo, faida inakwisha upesi. Shabaha ni kubwa na ziko karibu. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha unategemea umbali wake ukilinganishwa na upana wake. Duara pana lililo jirani ni kazi rahisi kwa kipimo hicho, na kichwa cha adui upande wa pili wa ramani ni kazi ngumu. Ukiwa na uhuru wa kubadilisha ukubwa, punguza.

Tovuti za pande tatu zinakupa fliki, kufuatilia, na kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine. Hizo ni familia tatu zilezile ambazo Voltaic, kundi la wapenzi wa mazoezi ya kulenga, limezitumia kupanga vipimo vyake ndani ya KovaaK's na Aimlabs. Tofauti iko kwenye kina. KovaaK's, iliyoanzishwa na mchezaji wa gemu ya Quake anayejulikana kwa jina hilohilo na kuingia Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwaka 2018, ina maelfu ya mazoezi yaliyotengenezwa na wachezaji. Ukigundua kwamba unapoteza adui anayeruka huku akija upande wako, kuna zoezi la hilo peke yake. Aimlabs nayo ina mazoezi mengi, na inakuonyesha kwa uwazi zaidi upande gani wa skrini unakosa. Anayeanza huielewa haraka.

Lakini sikia hili, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Hakuna kati ya hizo tatu inayokufunza bunduki. AK-47 ya Counter-Strike 2 inaua kwa risasi moja ya kichwa hata aliyevaa helmeti, na bunduki ya Vandal ya Valorant inaua kwa risasi moja ya kichwa kwa umbali wowote. Kwenye gemu za namna hiyo anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye msalaba wake tayari uko kwenye urefu wa kichwa pale kona inapofunguka, aliyesimamisha miguu kabla ya kufyatua, na anayejua bunduki inapanda vipi anapoachia risasi mfululizo. Vyote hivyo vinafunzwa ndani ya gemu. Counter-Strike ina ramani za wachezaji kama Aim Botz, ambako maroboti yanakuzunguka nawe unayapiga kwa bunduki halisi za gemu. Valorant ina uwanja wake wa mazoezi wenye jaribio la maroboti 30 kwa viwango vitatu vya ugumu.

Apex Legends na Overwatch ni habari nyingine. Adui anahitaji risasi nyingi na hatulii, kwa hiyo kufuatilia ndiko kunakolipa, na dakika moja ya zoezi zuri la kufuatilia inakupa marudio mengi kuliko mechi nzima ambayo nusu yake ni kukimbia na kuokota vitu. Kwa wachezaji wa gemu hizo natetea programu za mazoezi kwa moyo mkunjufu. Overwatch inategemea pia mhusika: Soldier: 76 anaomba kufuatilia, Widowmaker anaomba fliki.

Udhaifu wa uwanja wa gemu ni kwamba roboti halisogei kama mtu. Mechi za kila mtu na lake (deathmatch), ambako kila mchezaji mwingine ni adui yako, zinatatua hilo, ila huchagui utakutana na hali gani, na unaweza kumaliza dakika kumi bila kurudia hata mara tano lile kosa unalotaka kulirekebisha.

Alama na rekodi

Tovuti ya vidoti inakupa wastani wa milisekunde kwa shabaha, basi. Tovuti za pande tatu zinaongeza asilimia ya usahihi na, ukifungua akaunti, historia yako. KovaaK's na Aimlabs zinakwenda mbali zaidi, na vipimo vya Voltaic vinakuweka kwenye daraja kwa kila aina ya ulengaji, hivyo unaona kwamba uko juu kwenye fliki na chini kwenye kufuatilia. Hiyo ni taarifa ya thamani kubwa. Uwanja wa gemu unakupa kidogo mno, na huko rekodi yako ya video ndiyo kipimo.

Alama zina tatizo lao. Ukirudia zoezi moja mfululizo, sehemu ya namba inayopanda ni kulizoea zoezi lenyewe: unajua shabaha inatokea wapi na kwa mdundo gani. Watafiti Shea na Morgan, kwenye jaribio lao la mwaka 1979, waliona kwamba waliochanganya kazi bila mpangilio walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini walikumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko waliorudia kazi moja kwa mkupuo. Kwa hiyo changanya mazoezi matatu au manne, hata kama alama za siku hiyo zitakukatisha tamaa. Na hesabu usahihi kabla ya kasi; anayepiga kwa pupa anapata alama za kuvutia kwenye baadhi ya tovuti zisizoadhibu risasi iliyokosa, kisha anaibeba pupa hiyo hadi kwenye mechi.

Upatikanaji

Hapa brauza haina mpinzani. Hakuna kusakinisha, hakuna kuomba ruhusa ya mwenye kompyuta, na inafunguka hata kwenye Chromebook. Aimlabs ni ya bure kwenye Steam, KovaaK's inauzwa. Zote mbili zinahitaji nafasi ya gigabaiti kadhaa na mashine inayoweza kuzibeba. Uwanja wa gemu ni wa bure kama gemu tayari unayo, na unakuwa na kila sababu ya kuufungua kwa kuwa uko mbofyo mmoja kutoka kwenye mechi.

Kwa hali yako

Kama unatumia kompyuta isiyo yako, au huruhusiwi kusakinisha kitu, tumia tovuti ya pande tatu. Zima kasi ya ziada ya mausi kwanza ikiwa unaruhusiwa kugusa mipangilio, funga tabo nyingine, panua ukurasa ujaze skrini. Ukiwa huwezi kugusa mipangilio, lenga usahihi na uache kuhangaikia ulinganifu wa sentimita.

Kama mausi ni ngeni mkononi mwako, siku za mwanzo za vidoti zitakusaidia, na ukishaona hukosi tena ovyo, hamia kwenye pande tatu. Kubaki huko muda mrefu hakukuongezei.

Kama unacheza Counter-Strike au Valorant na rekodi imeonyesha msalaba uko chini au miguu haisimami, nenda moja kwa moja kwenye uwanja wa gemu na ramani zake. Tembea ramani tupu ukishika msalaba kwenye urefu wa kichwa kona kwa kona. Programu ya mazoezi inaweza kungoja.

Kama fliki ndizo zinakuangusha na una dakika chache tu kabla ya mechi, tovuti ya pande tatu iliyopimwa kwa rula inatosha kupasha mkono. Ukitaka kupanda kwa miezi, si kupasha tu, Aimlabs au KovaaK's zitakurudishia muda wako vizuri zaidi kwa sababu ya historia na vipimo. Anza na ile ya bure. Hamia KovaaK's ukifika mahali unajua zoezi gani hasa unalitafuta.

Kama ni Apex au Overwatch, na mashine yako inaibeba programu bila kukwama, sakinisha. Mashine ikishindwa, brauza, ila weka shabaha za mwendo wa wastani badala ya zile zinazogeuka ghafla, ambako kuchelewa kwa picha kunakudanganya.

Na kama unacheza kwa simu au kwa pedi, karibu yote ya hapo juu hayakuhusu. Kugusa vidoti kwa kidole si sawa na kuburuta skrini kwa kidole gumba ili ugeuke, na tovuti hizi hazina ule usaidizi wa kulenga ambao gemu za pedi zinautegemea. Fungua uwanja wa mazoezi wa gemu yako, chagua bunduki moja unayoitumia kweli, na ufanyie kazi hapo.